Msimamizi wa Foleni

Editha hajui kupiga soga. Nasema hivi kwa sababu nimekaa naye ofisi moja pale Kurasini, meza kwa meza, miaka kadhaa sasa, na kuna siku maneno yake yote yalikuwa "habari za asubuhi" na "haya, jioni njema". Halafu mtu huyo huyo ndiye aliyeanzisha jukwaa la mtandaoni ambalo watu wanaongea kutwa kucha hawachoki. Ukimuuliza ilikuwaje, anakwambia ni kwa sababu ya simu.

Ofisi yetu inatoa mizigo bandarini. Kazi ya Editha ilikuwa kufuatilia karatasi za makontena na kuwaelekeza madereva waende yadi gani. Sasa madereva wote walikuwa wanampigia kuuliza jambo lile lile: yadi ipi inatoa mizigo leo, geti lipi lina foleni. Akimaliza na huyu anaingia yule. Kwa Editha kuongea na simu ni adhabu, kwa hiyo akatafuta mahali pa kuandika jibu mara moja, kila mtu akasome mwenyewe. Akamwomba Stanley, mpangaji mwenzake kule Tabata aliyesomea mambo ya kompyuta, amtengenezee tovuti. Akaipa jina la Foleni.

Mwanzoni palipooza kabisa. Madereva waliingia, wakasoma, wakatoka bila kuacha neno. Jukwaa lisilo na wachangiaji linatia aibu, na Editha aliiona aibu hiyo. Akajisajili kwa jina la pili, akawa anauliza swali kwa jina moja na kujijibu kwa lingine. Nilimkuta mchana mmoja anabishana na nafsi yake kuhusu matairi, tena nafsi ya pili ilikuwa inashinda. Nilicheka mpaka bosi akatoka ofisini kwake.

Aliyepachangamsha ni Sadallah. Huyu alikuwa dereva wa lori la kwenda Zambia, Mzaramo wa Mbagala, mtu mfupi anayechechemea mguu mmoja na havui kofia yake iliyodariziwa hata akiwa chini ya injini. Siku moja aliandika kwamba amekaa getini tangu alfajiri na wali wa pale nje ya yadi una mawe. Mwenye wali akaiona. Jina lake Nyamizi, mama lishe, Mnyamwezi wa Urambo, mwenye banda la mabati mkabala na geti. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu, na Nyamizi hakuwa mtu wa kuacha haki yake ipotee.

"Mzaramo unaendesha lori wewe?" aliandika. "Lori ndilo linakuendesha. Mawe umeyaona leo, ulivyokuwaga unaramba sahani hukuyaona?"

Sadallah akajibu: "Nyie mliletwa mjini kubeba mizigo. Mie naendesha, we beba, tuheshimiane."

Watu wakamiminika. Madereva waliokuwa wanasoma na kutoka sasa walibaki kuchochea moto. Waliokuja kwa ajili ya utani wakauliza na mengine: mtoto ana homa haishuki, mwenye nyumba anataka kodi ya mwaka, mume hapokei simu yuko wapi. Mke wa dereva mmoja akauliza kama kuna aliyemwona mumewe, na kabla jua halijazama akajibiwa na mtu aliyekuwa nyuma ya lori lake mpakani Tunduma. Foleni ikawa mahali watu wanaposubiriana. Editha hakuwa akiandika sana. Alifuta matusi, akapatanisha waliogombana, akahamisha mada zilizokaa vibaya. Mama yake alikuwa akimuuliza anaongea na kina nani humo, naye anasema, "Siongei mama, nawasikiliza." Nadhani hakuna kitu alichowahi kukipenda hivyo. Usoni alikuwa ameanza hata kunenepa.

Mchana tulikuwa tunakula kwa Nyamizi. Nyamizi ni mtu mzima wa kuweza kumzaa Editha, na Editha kalelewa, akifika tu anainama, "Shikamoo mama." Sikuwahi kumsikia Nyamizi akiitikia. "Shikamoo yako mpelekee aliyezeeka, mie bado mwali," ndivyo alivyosema siku moja. Siku nyingine, "Msimamizi wa foleni mwenyewe hajawahi kupanga foleni, anataka apakuliwe wa kwanza." Editha anaficha uso kwa mkono anacheka. Ukimtoa mama yake, sijui mtu mwingine aliyeweza kumchekesha.

Kukua ndiko kulikoleta mambo. Watu wakaanza kuingia kutoka Mwanza, Nairobi, hata walioko Ulaya, watu wasioijua Kurasini na hawajawahi kumwona Nyamizi wala banda lake. Stanley, ambaye sasa alikuwa msimamizi wa pili, akasema jukwaa kubwa halikai bila sheria. Akatafuta sheria za majukwaa mengine, Editha akazipitia na kuziandika upya kwa lugha nzuri. Mojawapo ilisema marehemu asidhihakiwe, na atakayefanya hivyo atafungiwa. Sisi wote tuliisoma. Ilionekana sheria ya kistaarabu.

Sadallah akafa. Alikuwa kwenye foleni ya mpakani, akalala ndani ya lori kusubiri zamu, malori ya mbele yakasogea na la kwake halikusogea. Wenzake wakapiga honi, kisha wakamfuata. Presha, walisema. Madereva wenzake ndio waliomleta Dar, na Foleni nzima ilikuwa inafuatilia gari lililombeba: limepita Mbeya, limepita Iringa, limefika Chalinze. Siku hiyo hakuna aliyeuliza habari za mizigo.

Alizikwa Mbagala. Nyamizi alifunga banda, akaenda kufanya kazi ya mtani msibani, kuwahudumia wafiwa na kuwachekesha. Alikoroga ugali wa wafiwa, akachota maji, na wanaume walipotaka kutoka na jeneza akajilaza mlangoni, akasema hapiti mtu mpaka apewe jogoo. Alipopewa akaenda chumbani, akatoka amevaa shati la Sadallah na ile kofia, anachechemea vile vile alivyokuwa akichechemea marehemu. Baada ya mazishi akaweka kwenye Foleni picha aliyopigwa akiwa hivyo, chini yake akaandika:

"Wazaramo hamna haya. Mpaka kufa mnapanga foleni. Mtu katoka hapa anaendesha, karudi amelala chali kapewa lifti, na asante hakusema. Kofia nimechukua mie. Akiitaka aje mwenyewe."

Sisi wa zamani tulisoma tukalia na kucheka kwa pamoja. Wageni hawakucheka. Mmoja akaandika kwamba mwanamke huyu ni mwizi wa vitu vya maiti. Mwingine akaikata ile picha, maneno akayaacha, akaisambaza huko nje, na kufikia asubuhi watu wasiojua hata Mbagala iko wapi walikuwa wanamwita Nyamizi mchawi. Wakadai afungiwe. Wakainukuu sheria.

Stanley alikuja mpaka ofisini. "Dada Editha, watu wanajitoa. Huyu mama lazima afungiwe."

"Yule ni mtani wa marehemu," Editha alisema.

"Mie najua. Wao hawajui. Utawaelewesha wangapi?"

Editha alijaribu. Kwa mara ya kwanza aliandika kitu kirefu kwenye jukwaa lake mwenyewe, akaeleza utani ni nini na kazi ya mtani msibani ni ipi. Wakamgeukia yeye. Wakasema kumbe msimamizi naye ni wale wale, anatunga sheria kwa wengine na kuwakinga marafiki zake. Yalikuwa maneno machache tu ukilinganisha na matusi niliyoyazoea mimi kwa madereva, lakini Editha hajazoea. Nilimwambia asifanye lolote siku hiyo, kelele za mtandaoni zinapoa zenyewe. Hakunitazama. Alilifunga jina la Nyamizi, akafuta picha na maneno yake yote, na pale pale wale waliokuwa wanatukana wakaanza kumpongeza kwa msimamo.

Nilikasirika, na sijui kama nimeacha. Editha alijua alichokuwa anakifuta. Kwao ni Ndanda, kule kusini. Aliwahi kunisimulia baba yake alipozikwa, watani walishuka kaburini wakakaa humo, wakasema nyumba hii nzuri wanahamia wao, na mama yake aliyekuwa hajafumbua mdomo kwa siku nzima akacheka ndipo akaweza kulia. Angekuwa Stanley peke yake ndiye kakosea ningesema kijana wa shule, utani kausikia tu. Editha alijua.

Kesho yake simu ikalia mezani kwake. Alikuwa Salma, mjane wa Sadallah, na kwa kuwa Editha aliiweka spika ili aendelee kupanga karatasi, nilisikia yote.

"Dada, samahani kukusumbua. Yale maneno ya mtani wetu mmeyapeleka wapi?"

Editha akaacha karatasi.

"Mama yake Sadallah alikuwa hali kitu tangu habari ilipofika. Juzi jioni tulimsomea pale pa kupewa lifti, akacheka, akaomba uji. Tangu jana kagoma tena. Anataka asomewe, sie tunatafuta hatuyaoni."

Editha akasema atayatafuta. Salma akamshukuru, akamwombea kwa Mungu, akakata.

Vilivyofutwa havikurudi. Stanley alihangaika navyo lakini yeye mwenyewe ndiye aliyeitengeneza Foleni ili ikifuta imefuta. Editha akalifungua jina la Nyamizi, akamwandikia ujumbe wa siri kuomba radhi na kumwomba ayaandike tena kwa ajili ya yule bibi. Ujumbe ukaonyesha umesomwa. Jibu halikuja. Tangu hapo Editha akaanza kubeba chakula kutoka nyumbani, na tukitoka kazini anapita njia ya nyuma ya yadi, kwenye matope, ili asipite mbele ya banda. Foleni ikaendelea kukua. Sheria ikarekebishwa, utani ukaruhusiwa kwa maandishi, na hakuna aliyetania. Wale waliotishia kujitoa walibaki, wakahamia kwenye kelele nyingine.

Arobaini ya Sadallah ilipofika nilimwambia twende. Alikataa, kisha akaja amejifunga kanga, amebeba mfuko wa sukari. Tulipokaribia Mbagala akaniuliza, "Unadhani atanisema mbele za watu?"

Nikamwambia bila shaka, na ajiandae kuvumilia.

"Aniseme tu," alisema. "Hata kama ni mbele za watu."

Hitma ilikuwa imekwisha, watu wanapakuliwa pilau uani. Nyamizi alikuwa jikoni, kwenye masufuria makubwa, upawa mkononi, ile kofia ya Sadallah kichwani. Kila aliyepita alipata la kwake. Shehe aliambiwa dua yake fupi, aliogopa pilau litapoa. Mimi niliambiwa nimenenepa kwa umbea. Hata mama yake Sadallah, aliyekaa mkekani kakonda vibaya, alitupiwa neno akatikisa kichwa na kutabasamu. Nikamsukuma Editha mbele kidogo.

Akainama. "Shikamoo mama."

Nyamizi aliweka upawa chini. Akaifuta mikono kwenye kanga. Akavua kofia kichwani.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Habari za nyumbani? Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Msalimie sana. Karibu ule."

Akampakulia sahani ya kujaa, nyama nzuri juu, akampa kwa mikono miwili kama anavyopewa mgeni. Editha aliipokea, akakaa pembeni na kuila yote, machozi yanamtoka, na hakuna mtu pale uani aliyemtania.