Mistari Myekundu Katika Daftari la Bibi

Harufu ya vile vidonge vyeupe vya kufukuzia mende hunirudisha kijijini Bodo kila ninapokutana nayo. Juzi niliinusa katika duka moja la Ukunda, nikiwa nachagua shuka, na mara nikajiona nimepiga magoti kando ya kitanda cha Bibi, mkono umo ndani ya sanduku lake la bati, masikio yakiwa mlangoni. Nilikuwa na miaka kumi, na nilikuwa nikimpeleleza bibi yangu kama askari anavyompeleleza mwizi.

Bibi alikuwa mama yake baba. Watu wote walimwita Mwalimu, hata wazee wa rika lake, kwa kuwa alikuwa amefundisha darasa la kwanza Majoreni, kisha Kinondo, kisha hapo hapo Bodo mpaka akastaafu. Kustaafu kwenyewe kulikuwa kwa jina tu. Kila alasiri baraza yetu ilijaa watoto wa majirani, naye akiwapitia mmoja mmoja na kuwashika vidole juu ya penseli. "Herufi haina haraka," alikuwa akisema. "Haraka unayo wewe." Baba alifariki nikiwa mdogo mno hata sauti yake siikumbuki. Mama alikuwa akifua nguo katika hoteli moja huko Diani, tukimwona mwisho wa mwezi. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya watu wawili, mimi na Bibi, na mtu mmoja kumwangalia mwenziwe kutwa nzima hakukosi kuzaa mambo.

Shuku yangu ilianzia kwenye simu. Bibi alikuwa na kisimu kidogo cha vibonye. Mara nyingine kikilia, alikuwa akikichukua hadi nyuma ya jiko na kunong'ona, akarudi kimya na kujifungia chumbani. Mlango ule ulikuwa na ufa. Nikatia jicho. Nikamwona akitoa daftari refu sandukuni, akipekua, akichukua kalamu nyekundu na kupiga mstari mmoja juu ya jina. Midomo yake ilikuwa ikichezacheza bila sauti. Saa mbili baadaye kipaza sauti cha msikitini kikatangaza kwamba fundi baiskeli mmoja wa Msambweni ametutoka.

Mara ya kwanza sikujali. Mara ya pili alikuwa mama mmoja wa Funzi: simu, mnong'ono, kalamu, kisha tangazo. Mara ya tatu sikungoja tangazo. Niliketi chini ya mkorosho, nikijua kuna mtu atatajwa, na akatajwa.

Alhamisi moja Bibi alipokwenda kumjulia hali mgonjwa, nililifungua sanduku. Harufu ile ilinipanda puani hadi machozi yakanitoka. Daftari lilikuwa na majina, safu kwa safu, na mengi yalikuwa yamekatwa kwa wino mwekundu. Pembeni mwa kila jina lililokatwa kulikuwa na alama mbili ndogo za Kiarabu, zimefumbatana kama hirizi. Katika chuo cha Kurani nilikuwa mtoro mkubwa, kwa hiyo sikuzitambua. Nikafungua ukurasa mwingine, nikaliona jina la baba yangu. Nalo lilikuwa limekatwa, ila mstari wake haukunyooka kama mingine. Ulikuwa umekatikakatika, kana kwamba aliyeuchora alikuwa akishindana na mtu.

Jioni ile Bibi alipika wali wa nazi na samaki wa kukaanga. Nikasema tumbo linaniuma. Kesho yake nikasema hivyo hivyo. Nikawa nakula mihogo mibichi kwa siri na kuyachunguza maji ya mtungi kabla ya kuyanywa. Bibi alinigusa paji la uso kwa mgongo wa mkono wake, nami nikaruka kama niliyeguswa na kaa la moto. Alinitazama kwa kitambo.

Siri ile ilinielemea. Nikamwambia rafiki yangu Mwanakombo, baada ya kumwapisha kwa kila kiapo nilichokijua. Mwanakombo akamwambia mamake. Wiki ile ile watoto barazani wakapungua, kumi wakawa sita, sita wakawa wawili, mwishowe akabaki mbuzi wa jirani. Bibi aliketi kwenye kiti chake na chaki mkononi, akitazama njiani.

Asubuhi ya Jumamosi wakaja vijana watano na pikipiki mbili. Walisimama uani bila hodi. Mbele yao alikuwa Rama, mwendesha bodaboda aliyekuwa akijulikana kwa hasira zake.

"Tunataka kuliona hilo daftari," alisema.

Bibi alitoka akijifunga leso vizuri. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango.

"Hamjaamkia," alisema.

Wakatazamana. Mmoja wa nyuma ndiye aliyeanza, kwa sauti ndogo: "Shikamoo, Mwalimu." Wengine wakafuata, Rama wa mwisho.

"Marahaba, wanangu. Rama, wewe ndiwe uliyekuwa ukiandika herufi *s* imegeuka nyuma. Siku hizi yaenda mbele?"

Mmoja alicheka, akajizuia. Rama hakucheka. "Daftari, Mwalimu. Watu wanasema unawakata watu humo, nao wanakufa."

Bibi aliingia ndani, akanipita bila kunitazama, akatoka na daftari. Akampa Rama mkononi. "Soma. Kwa sauti."

Rama alisoma majina. Sauti yake ilianza kali, kisha ikaanza kulegea, kwa sababu yalikuwa majina ya watu anaowajua, waliosoma naye na waliomtangulia. Akafika kwenye zile alama. "Na hizi ni nini?"

Mmoja wao, aliyekuwa akifundisha chuoni, alisogea, akainama. "Hii ni *yaa*," alisema taratibu, "na hii ni *siin*. Ni Yasini."

"Wote niliwafundisha mimi," Bibi alisema. "Anapotangulia mmoja, wenziwe hunipigia simu mapema kabla ya tangazo. Namsomea sura ya Yasini, kisha napiga mstari, nisije nikamsahau mtu. Umri huu nasahau hata chumvi."

Rama alifungua ukurasa mwingine. Kisha akauliza, kama mtoto anayeomba ruhusa ya kutoka darasani: "Na kaka yangu Omari?" Omari alizama baharini miaka michache nyuma.

"Ukurasa wa tatu, chini. Alikuwa akiandika kwa mkono wa kushoto."

Rama alipekua, akaona. Akaketi chini, pale pale mchangani, na daftari mapajani.

"Habari hizi zimetoka humu humu nyumbani kwako," alisema mwingine. "Nani kazitoa?"

"Nimezitoa mimi," Bibi akajibu. "Daftari langu, mdomo wangu. Nendeni sasa, nina watoto wa kufundisha." Hakukuwa na mtoto hata mmoja barazani.

Baadhi ya watoto walirudi, wengine la. Mamake Mwanakombo alivuka njia kila alipomwona Bibi, mpaka Bibi alipofariki. Shuku huingia mara moja, kutoka hutoka kwa hatua za kobe. Mimi nilirudi kwenye sinia siku ile ile, nikala wali mpaka nikaona haya. Bibi aliniongeza samaki.

Hakuniuliza kamwe. Nami sikumwambia, nikijidanganya kuwa hajui.

Nilikuwa mtu mzima, nikifanya kazi Kwale, nilipoanza kusikia kwa masikio ya mtu mzima habari za vikongwe wanaochomewa nyumba kwa sababu ya mvi na maneno ya watu. Ndipo nilipoiona upya asubuhi ile. Mmoja wa wale vijana, yule aliyeamkia wa kwanza, alikuwa ameshika dumu la petroli. Nilikuwa nimeliona, nikadhani ni mafuta ya pikipiki. Bibi alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake, na yeye hakudhani hivyo. Alijua walichokuja nacho, alijua ni nani aliyewaita, na alijua mtu huyo yuko wapi, nyuma ya mlango, ndani ya nyumba ile ile ya makuti.