Kanda Aliyonichagulia Ngurumo

Mdogo wangu alikuwa fundi redio, na mtaani walimwita Ngurumo. Si kwamba alikuwa na sauti kubwa. Sauti yake ungeweza kuikunja ukaitia kibindoni. Ngurumo ilitoka kwenye spika zake. Chumba chake cha kazi na changu cha kushonea vilitenganishwa na ukuta wa mbao, na miaka kumi na moja niliugonga ukuta ule kwa mkasi nikimwambia apunguze.

"Dada, hii haipunguzwi. Ukiipunguza inakufa."

"Basi ife tuizike, mimi nina kola ya kugeuza."

Muziki wenyewe ulikuwa roki nzito ya watu wasiojulikana hata kwao. Mhandisi mmoja wa barabara alimwachia boksi zima la kanda alipohamishwa, majina yameandikwa kwa herufi ambazo hakuna kati yetu aliyejua hata zinaanzia upande gani. Mwingine angezifuta arekodi nyimbo za harusi. Ngurumo alizisikiliza zote, kisha akazibatiza mwenyewe. Walikuwapo Kinu Kitupu, waliopiga ngoma moja kama mtu anayetwanga hewa. Walikuwapo Wachimba Barafu, magitaa yanakwenda polepole mpaka unadhani betri zimekwisha. Walikuwapo Jirani Hayupo. Hao hawaimbi kabisa: unasikia upepo, unasikia mlango, halafu magitaa yanakuja kwa mbali kama mvua iliyo mtaa wa pili.

Redio haikutoka mle bila kanda tumboni. Alimtazama mteja, akamuuliza anaamka saa ngapi na anaishi na nani, ndipo akachagua. Mwanzoni mwa kanda alirekodi maneno yake, mwisho wa upande wa kwanza akasema "Geuza," kisha akavunja vile vijino viwili vya mgongoni ili mtu asije akarekodi juu yake. Muuza mkaa alipewa Kinu Kitupu. Siku ya tatu alirudi.

"Fundi, mimi nimeleta redio, wewe umenirudishia msiba."

"Umesikiliza mpaka mwisho?"

"Nimesikiliza. Mke wangu kahamia chumba cha watoto."

"Na wewe?"

Muuza mkaa akajikuna shingo. "Nimegeuza."

Wateja wote walikuwa na kanda isipokuwa mimi. "Yako bado naipika," aliniambia kila nilipomkejeli, nami nikamjibu kwamba chungu kisichoiva miaka kumi kina mawe ndani.

Kisha kifua kikamkamata. Alilala wiki tatu nyumbani kwa mama. Siku moja namnywesha maji, akanishika mkono.

"Dada, kanda umeisikiliza?"

Sikujua kanda gani, ila mgonjwa habishiwi. "Nimeisikiliza."

"Umeionaje?"

"Nzuri."

Akanitazama, akafumba macho. Alijua nadanganya, yule nilimbeba mgongoni, tunajuana. Siku ya nne tulimzika.

Ndipo kanda zikaanza kurudi. Watu hawapendi kulala na sauti ya marehemu kabatini. Mkunga alileta yake imefungwa kitambaani.

"Ichukue, mwanangu. Kila nikiiwasha ananiuliza kama nimepumzika."

Nilipokea thelathini na moja, nikazisikiliza zote nikitafuta yangu. Wenzangu aliwaambia mengi. "Hii sikiliza umesimama." "Hii ni ya mtu aliyefiwa ambaye hajalia." "Mwalimu, hii usiiwashe ukiwa na hasira, itakuunga mkono." Mimi hakuniambia kitu. Nikapekua benchi lake, droo zake, hata chini ya godoro la mama. Nikajiambia labda ilikuwa homa iliyosema. Lakini homa haikutazami vile.

Mwezi wa pili baada ya msiba akaja muuguzi mmoja, anataka gauni jingine la kazi. Nikiwa na sare nyingi za kushona huwa siandiki vipimo; mikono imeshika tepu, nasema tu, redio inarekodi. Nikaitoa kanda yenye vipimo vya wauguzi, nikaiwasha. Sauti yangu ikatoka, kavu kama pamba: "Kifua arobaini. Kiuno thelathini na sita. Achia pumzi, mama, kitambaa hakidanganywi." Muuguzi akasikia vyake, akacheka, akaaga. Mimi nilikuwa na pini mdomoni, sikuizima.

Vipimo vya muuguzi wa ishirini na mbili vikapita. Ikasikika tak, ya kuzima. Kisha magitaa, mazito, ya taratibu, yakiwa tayari katikati ya safari.

Nikatema pini. Kanda ile nilikuwa nimeikuta asubuhi moja juu ya cherehani, yeye bado mzima, haina maandishi, vijino vyake vizima, nikasema ni tupu, kaisahau, nikarekodia vipimo. Za wateja alivunja. Yangu hakuvunja, nadhani haikumjia kwamba ilihitaji kulindwa dhidi yangu. Alilotaka kuniambia, na jina alilowapa watu wale, vyote viko chini ya vifua na viuno vya wauguzi ishirini na wawili, na kidole kilichobonyeza ni changu.

Nilikaa nikasikiliza kilichobaki. Magitaa yakaisha. Kimya. Halafu yeye, karibu, kama ameegemea mbao:

"Geuza, dada."

Nikageuza.

Upande wa pili hapakuwa na bendi. Palikuwa na cherehani. Yangu, naijua inavyokwama kwenye pindo nene. Aliirekodi kutoka upande wake wa ukuta, na chini yake akalaza mngurumo mmoja mrefu wa gitaa, akiupandisha na kuushusha kwa mkono kufuata mguu wangu: nikikaza unapanda, nikilegeza unashuka. Katikati mkasi ukagonga mbao, mwanamke mkali akasema, "Punguza." Ngurumo akakohoa mara mbili. Hakupunguza.

Siku hizi wanaotaka Wachimba Barafu nawaazima, na maneno yake nawarudishia kama alivyoyasema. Wakiniuliza bendi yangu mimi inaitwaje, nawajibu jina nimelifuta. Kanda yenyewe haitoki. Mchana naiwasha kwenye redio yake, palepale benchini kwake, upande ule wa cherehani, narudi kwangu kushona.

Jana uzi ulikatika. Nikainua mguu kwenye kanyagio, nikalamba ncha, nikatafuta tundu la sindano. Nyuma ya mbao cherehani iliendelea kushona.