Mgongo wa Mwalimu wa Ushonaji

Jumanne, tarehe 9 Juni. Manyunyu tangu alfajiri.

Mwalimu wetu wa ushonaji huchomeka chaki nyuma ya sikio na hamfumulii mtu kosa lake, huinama, mikono mgongoni, akauliza, "Hapa uliwaza nini?" Siku hiyo wifi yangu alikuwa ameshona mkono wa kulia wa gauni upande wa kushoto kwa mara ya tatu, akaanza kukusanya vitu vyake aache mafunzo.

"Mwalimu, hiki si kichwa, ni boga."

"Boga lingekumbuka mwavuli? Hebu nipishe."

Akakaa kwenye kiti cha wifi, akaitazama meza yake ya kufundishia, akacheka. "Kumbe nikiwaelekea, kulia kwangu ni kushoto kwenu! Kosa langu, dada."

Wifi akatoa tena mkasi mkobani.

Asubuhi iliyofuata mwalimu aligeuza meza, akafundisha akiwa ametupa mgongo, sote tukichungulia begani kwake, wifi mbele kabisa.