Kidole Changu, Moyo Wao

Mkasa huu umenigharimu beberu mmoja, doti mbili za kanga na mke, na mpaka leo kilichorudi ni beberu tu (alirudishwa pamoja na kamba yake).

Mwanangu Rukia, wa miezi minne, alikutwa na tundu kwenye moyo, tukampeleka kliniki mimi, mke wangu Salma na mama yake, Bi Mize, aliyetoka Kiuyu alfajiri kuja kutusaidia. Daktari akatokeza mlangoni, akauliza kama kuna maradhi ya moyo katika ukoo, na hapo ningenyamaza mambo yangeisha, lakini mimi kitu nikikijua lazima nikihesabu, basi nikasimama mbele ya mabenchi yaliyojaa, nikawahesabu kwa vidole waliokufa kwa moyo upande wa mke wangu, mjomba mmoja, mashangazi wawili, nikarudia kuhakikisha.

"Kwetu mioyo mizima," nikamalizia. "Tundu hili limetoka Kiuyu."

Daktari alikuwa anatazama kidole gumba changu, chenye pingili tatu badala ya mbili (nahesabia tasbihi, pingili kumi na tano kila mkono).

"Na mtoto anacho?"

"Anacho. Kachukua kwangu," nikasema, kama nilivyokwisha kuutangazia mtaa mzima.

Akaeleza taratibu kwamba kuna protini inayojishika kwenye DNA na kuwasha maagizo ya kujenga moyo, mtoto angali tumboni, na hiyohiyo ndiyo inayowasha maagizo ya kidole gumba. Ikiwa na hitilafu huharibika kote kuwili, na mzazi huweza kumrithisha mtoto.

Nikajaribu kupatana. "Basi kidole changu, moyo wao."

"Baba Rukia, haviuzwi rejareja."

Wakacheka wote isipokuwa wawili, Salma na mama yake. Bi Mize akajifunga kanga vizuri. "Weye mwanangu, wafu wangu umewahesabu mara mbili. Haya, nenda kajihesabu na weye."

Nikapimwa siku ileile. Tundu dogo, la kuzaliwa nalo.

Rukia huenda akahitaji kuzibwa lake. Salma karudi kwao Kiuyu, na Bi Mize hataki beberu wa kuombea radhi wala maneno ya chemba (kanga kazipokea). Anataka wote walionisikia wanisikie tena, kwa sauti ileile, ndipo mwanawe arudi. Nimewahesabu mara mbili, walikuwa kumi na tisa. Nimewapata sita. Kama ulikuwa kwenye mabenchi yale, nakuomba uje Jumanne, Rukia ana miadi. Nitasimama palepale, mkono mfukoni.