Mlinzi wa Lango la Saba

Watu wa maghalani walimwita Bi Mende, kwa sababu masjala aliyoitunza ilikuwa chini ya ngazi na wapangaji wenzake walikuwa mende. Hakukasirika. Mende, alisema, angalau vitabu wanavila. Wakubwa wa ghorofani hawavigusi hata kwa meno. Kwa miaka thelathini na moja aliketi chini ya taa moja akibandika kurasa zilizochanika, na katika muda huo aliona mabosi watano wakishuka ngazi zile. Wote watano walikuwa wanatafuta choo.

Bosi wa sita ndiye aliyetia fora. Debe tupu haliachi kuvuma, na huyu alivuma hadithi moja tu, kwa kila mgeni. Zamani, alisema, maghala yalikuwa na malango kumi na mawili kando ya barabara moja ndefu, na kila lango na mlinzi wake. Sheria yao ilikuwa fupi: ukiona nyota tatu, gonga chuma, funga lango, zamu ya usiku imeanza. Basi siku moja, saa nane mchana, walinzi saba wa kwanza waligonga chuma na kufunga malango, mizigo ikakwama nje. Wa nane hakugonga. Saba wakafukuzwa kwa ulevi. Wa nane akapandishwa cheo, na huyo ndiye babu yake bosi.

"Sisi ni damu isiyolewa," alimalizia kila mara, akilipapasa tumbo.

Alichokuwa hajui ni kwamba mlinzi wa lango la saba alikuwa babu yake Bi Mende. Mzee yule alikufa akiitwa Nyota Tatu, na mama yake Bi Mende akarithi jina kama wengine wanavyorithi shamba. Mama huyo alipokuwa msichana, watoto wa mtaani walimwonyesha vidole vitatu na kuyumba kilevi. Kitabu cha adhabu cha mwaka ule kilikuwa kwenye rafu ya chini kabisa ya masjala. Bi Mende aliwahi kukifungua mara moja. Alisoma mstari wenye jina la babu yake na neno "amefukuzwa", akakifunga haraka kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mtu ndani.

Kwa hiyo bosi alipoagiza vitabu vyote vya adhabu vitiwe kwenye magunia vikauzwe kwa mnunuzi wa karatasi, kwa kuwa vinaaibisha kampuni, Bi Mende alitii kwa furaha ambayo hajawahi kuitia katika amri yoyote. Kile cha mwaka ule alikitia kwanza, chini kabisa, akafunga gunia kwa mafundo mawili.

Asubuhi hiyohiyo akaja mtaalamu wa falaki, mtu mwembamba mwenye soksi zisizofanana. Alitaka kujua kama kuna yeyote aliyeandika lolote kuhusu kupatwa kwa jua kulikopita juu ya mji huu karibu miaka mia iliyopita. Bosi akaagiza taarifa za mwaka, zile zenye majalada mekundu, na Bi Mende akazipandisha. Kwa tarehe ile ziliandika: "Kazi iliendelea kama kawaida." Mgeni akashusha pumzi. Bosi akamimina chai na, ili kumfariji, akaanza hadithi ya babu yake.

Mgeni aliweka kikombe chini kabla ya kunywa. Aliuliza ilikuwa mwaka gani. Bosi hakujua, hadithi za ukoo wake hazikuwa na miaka. Mgeni akaeleza kwamba kivuli cha mwezi kina ukingo, kama kivuli cha ukuta. Aliye ndani huona nyota mchana. Aliye nje hubakiwa na kipande cha jua. Ukijua ukingo ulipita wapi hasa, unaweza kulipima jua jinsi lilivyokuwa siku ile, na kuona kama ukubwa wake umebadilika. Akauliza kama kuna kitabu.

"Hakuna," bosi alisema. "Vilikuwa takataka."

Bi Mende alisimama mlangoni na trei mkononi. Gari la mnunuzi lilikuwa linakuja mchana. Angenyamaza tu, na aibu ya kwao ingegeuka kuwa mifuko ya kufungia karanga. Alishuka ngazi, akakata mafundo yote mawili, akarudi na kitabu. Akasoma kwa sauti, kuanzia jina la babu yake. Safari hii hakuishia hapo, akaendelea na maneno ya msimamizi wa siku zile.

"Wote saba wanadai jua lilizimika. Mimi nilikuwa nimelala baada ya chakula, nilipoamka jua lilikuwepo. Mlinzi wa nane anawatetea. Anasema naye aliona giza, ila jua lilibaki jembamba kama ukucha, ndiyo maana hakugonga. Utetezi umekataliwa. Yeye apandishwe cheo."

Mgeni aliomba kupelekwa barabarani. Alipima kwa miguu kutoka lango la saba hadi la nane, bosi akihema nyuma yake.

"Kwa hiyo babu yangu hakulewa," bosi alisema.

"Hakuna aliyelewa, mzee. Babu yako alisimama hatua mia tatu nje ya kivuli. Tofauti ni hiyo tu," mgeni alijibu.

Bosi akakumbuka kwamba ana kikao. Mgeni, akiandika, akamuuliza Bi Mende ilikuwaje ukurasa kama huu usisomwe na mtu miaka yote hiyo. Bi Mende alikuwa na majibu mengi ya kuwasema mabosi, mengine aliyatunza kwa miaka. Hakutumia hata moja. Mama yake alikuwa amefariki mwaka uliopita, na hata siku ya maziko kulikuwa na mtu aliyemwita marehemu binti Nyota Tatu.

"Niliusoma mimi," alisema. "Niliishia mstari wa kwanza."