Vichochoro vya kichwa changu

Kwa miaka mingi nilimwambia shemeji yangu wa mtaa wa Mabanga kwamba siendi kumsalimia kwa sababu njia ni mbaya. Ukweli ni kwamba nilipenda kiti changu.

Kiharusi kilinikuta humo humo kitini. Mguu na mkono wa kuume vikagoma. Hospitalini waliniwekea dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kisha daktari akatuonyesha, mimi na mke wangu, picha ya kichwa changu.

“Muzee, mshipa huu mukubwa uliziba. Lakini hii midogo ya pembeni imeungana muzuri, ilipitisha damu mpaka dawa ikaufungua. Si kila mutu anazaliwa nayo hivi. Mguu unaweza kurudi, ila uutembeze kila siku.”

Mke wangu akacheka, mara ya kwanza tangu tufike. “Kumbe damu yake inajua vichochoro! Yeye mwenyewe anajuaka tu njia ya kitanda na ya meza.”

Nilijifunza kutembea nikiegemea chukudu, kigari chetu cha mbao ambacho wenzangu hubebea viazi. Changu kilibeba aibu tu. “Papa, leo unauza nini?” majirani waliuliza.

Asubuhi moja mke wangu alinipitisha katikati ya kuta za mawe meusi, kwenye vichochoro nisivyovijua, mara tukatokea mlangoni kwa shemeji. Hata chai isingewahi kuchemka kwa muda tuliotumia njiani.

Shemeji aliutazama mguu wangu, akautazama tena ulivyokanyaga.

“Karibu, shemeji. Njia imeshapona?”

“Imepona kidogo,” nikajibu, nikaulizia kiti.