Jike Mwekundu wa Midrand Aliyeukataa Mkono Wangu

Shule niliiacha darasa la tatu, kule Uvira, na sioni aibu. Kushona ngozi nilijifunza kwa kuchungulia mikono ya wengine, na karakana yangu ya huku ugenini, Jeppestown, niliisimamisha mwenyewe, mashine moja baada ya nyingine. Mwaka 2017 nilikuwa na mafundi wanne na wote wananiogopa. Nilidhani huo ndio uongozi.

Mwaka huo mama mmoja mzungu, mwenye shamba nje kidogo ya Midrand, aliniita nikatengeneze matandiko ya farasi wake. Nyuma ya mabanda kulikuwa na uwanja mkubwa wa majani, na humo kundi la farasi waliotolewa milimani, waliozaliwa na kukua bila kamba wala tandiko. Jike mmoja mwekundu, kijana bado, alikuwa anachechemea. Waya ulikuwa umemwingia mguu wa nyuma. Daktari wa mifugo, mama Mkenya, alisimama kwenye uzio amechoka kabisa. Kumpiga sindano ya usingizi kwa mbali aliogopa: angekimbia amelewa na kuuvunja mguu.

"Nina siku tano," aliniambia. "Nisipoutoa huo waya, uchafu utafika kwenye mfupa, na itabidi tumuue."

"Mumuue kwa nini? Mimi nitamshika."

"Wewe si fundi wa viti, mzee?"

"Wa matandiko, Daktari. Heshima kidogo."

Nikaingia. Sasa, kanisani kwetu mgonjwa anawekewa mkono kwenye paji la uso na anaombewa kwa sauti ya kubomoa ukuta. Ndivyo nilivyofanya. Nilimwendea moja kwa moja, macho kwa macho, mkono juu, "Toka! Toka kwa jina la Yesu!" Aliyetoka ni yeye. Kundi zima lilitimka kwa kishindo, na yule mwekundu akawafuata kwa miguu mitatu, damu ikimchuruzika.

"Mzee!" daktari alipiga kelele. "Unamwendea kama simba! Huyo hana pepo, ana waya!"

Nilitoka hadi kwenye uzio.

"Kaa hapo," alisema, akanisukumia ndoo. "Mwangalie mkubwa wao."

Nikamwangalia dume jeusi lenye shingo nene, linalojionyesha. Daktari akacheka. Mkubwa wao, kumbe, ni jike zee la kijivu, tumbo limelegea, mgongo umebonyea. Ningemdharau njiani.

Basi dume dogo moja, jeuri, lilikuwa linawauma wenzake kwenye maji. Yule mama wa kijivu alilaza masikio. Jeuri hakujali. Mama akamfukuza hadi nje ya kundi, kisha akasimama kumkabili kwa kifua. Mtoto akijaribu kurudi, mama anageuza kifua kidogo tu, basi, mtoto anasimama. Peke yake kule nje alianza kuhangaika. Mwisho akainamisha kichwa, akawa anatafuna mdomo mtupu, kama anayeomba radhi. Papo hapo mama akageuka ubavu, akatazama pembeni. Mtoto akaingia taratibu, na mama akaanza kumkuna mabegani kwa meno!

Niliruka kutoka kwenye ndoo. "Umeona? Daktari, umeona? Hakutoa hata sauti!"

"Nimeona. Keti."

"Anamfungulia mlango kwa ubavu! Eish!"

"Mzee, keti, utawakimbiza tena."

Kesho yake nilirudi. Nikatembea upande upande, bega mbele, macho kwenye majani. Jike mwekundu akiinua kichwa, mimi narudi hatua moja. Hapo paliniuma, nisiseme uongo. Mwanaume mzima, mwenye karakana, kurudi nyuma mbele ya mnyama! Lakini kila niliporudi, alishusha kichwa. Siku ya kwanza hatua hamsini kati yetu. Siku ya pili ishirini. Siku ya nne nilisimama nimempa mgongo, nikasikia majani yanakatwa karibu, karibu zaidi, halafu pumzi ya moto shingoni. Sikugeuka.

Siku ya tano, ya mwisho, daktari alikuja nyuma yangu kwa mwendo uleule. Nilimgusa jike begani, pale mama wa kijivu anapokuna, nikakuna kwa kucha zangu ngumu za fundi. Mdomo wake wa juu ukarefuka kama wa mtu anayeonja supu. Daktari akainama kwenye mguu. Jike akashtuka. Mkono wangu ulitaka kukamata manyoya ya shingo. Badala yake nikarudi nusu hatua, nikapumua. Akabaki. Akabaki! Na waya ukatoka, urefu wa kidole changu.

"Amepona?" nilinong'ona.

"Hatumuui tena," alisema daktari, jasho linamtiririka. "Lakini kidonda kioshwe kila siku, wiki tatu. Nani atamsimamia?"

Nilimpigia simu fundi wangu mkubwa palepale, kwa sauti ya chini. "Karakana ni yako wiki tatu hizi. Fanya unavyoona wewe."

Fundi akashangaa: "Papa, uko mugonjwa?"

"Niko mzima kuliko jana," nikamjibu, nikakata, maana yule mwekundu alikuwa ameanza kuja.